Jinsi ya kutoa maoni kuhusu kanuni za dawa za shambani na za mifugo nchini Kenya hadi yaingie kwenye ripoti

Mara ya kwanza nilipohudhuria kikao cha umma kuhusu dawa za shambani, tulikuwa kama watu sabini ndani ya ukumbi. Tulizungumza kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Mzee mmoja alisimulia jinsi ng'ombe wake alivyokufa, mama mmoja akalalamikia bei, mimi nikasema dawa bandia zimejaa madukani, na watu wakanipigia makofi. Ripoti ilipotoka miezi kadhaa baadaye, saa zetu nne zilikuwa zimefinywa katika mstari mmoja: wakulima waliomba mafunzo zaidi. Sikumbuki mtu yeyote aliyeomba mafunzo.

Nilikasirika, na bado naona hatukutendewa haki. Lakini nilipoisoma ile ripoti upya niligundua kwamba waliosikika walikuwa wametaja kifungu, wakasema kina kasoro gani, na wakaandika maneno wanayotaka yawekwe badala yake. Karibu wote walikuwa wawakilishi wa kampuni. Sisi tulileta uchungu wetu bila kumpa mwandishi wa ripoti kitu cha kubandika kwenye rasimu.

Tangu hapo nimekuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa nyanya na mishiri (french beans) ambao pia tunafuga ng'ombe wa maziwa, na nimeandika memoranda kadhaa, yaani maoni ya maandishi yanayopelekwa ofisini. Ninachokueleza hapa ni njia ninayofuata. Msingi wake ni huu: ofisi inayosajili dawa ina matokeo ya maabara, na kampuni ina wanasayansi na mawakili. Kile ambacho wote wawili hawana ni habari ya jinsi dawa inavyotumika kweli shambani, kwa pampu inayovuja mgongoni, na mnunuzi anakuja Alhamisi hata kama ulipiga dawa Jumatatu. Hiyo habari unayo wewe. Kazi iliyobaki ni kuiandika kwa namna ambayo haiwezi kurukwa.

Jua kwanza unabisha mlango gani

Watu wengi hupeleka hoja nzuri kwenye ofisi isiyo na mamlaka nayo. Dawa za kuua wadudu, magugu na kuvu husajiliwa na PCPB (Pest Control Products Board), bodi ya kitaifa iliyoundwa chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ya mwaka 1982, Sura ya 346. Bodi hii ndiyo inayoweza kukubali dawa, kuiwekea masharti, kuisimamisha au kuifuta. Dawa za kutibu mifugo zina ofisi yake, Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, inayofahamika kwa herufi VMD, chini ya kanuni za mwaka 2015. Usikisie bidhaa iko kwa nani: chukua chupa uisome. Dawa iliyosajiliwa na PCPB huwa na herufi hizo na nambari kwenye lebo. Nambari hiyo ndiyo kitambulisho chake, na utaihitaji kwenye kila barua.

Kisha jiulize ni uamuzi wa aina gani unaofanywa. Mswada uko mikononi mwa Bunge, na maoni hupelekwa kwa kamati husika. Kanuni hutungwa na Waziri chini ya sheria iliyopo, na maoni huenda wizarani au kwa bodi. Kupitia upya dawa moja moja ni kazi ya bodi yenyewe. Kaunti, kwa upande wake, inashughulikia kilimo cha mashinani, huduma za ugani na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo. Haiwezi kufuta usajili wa dawa, lakini inaweza kupanga mahali pa kukusanya chupa tupu na nani atawafundisha wapiga dawa.

Kwa nini hili lina uzito? Mfano mmoja unatosha. Mwezi Juni 2025 Waziri wa Kilimo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba bidhaa 77 zimeondolewa sokoni, 202 zimewekewa masharti ya matumizi, na nyingine 151 bado zinachunguzwa. Ukitaka kusema jambo kuhusu bidhaa iliyo katika kundi la kuchunguzwa, hoja yako inahusu usajili, nayo ni ya bodi. Ukitaka kusema masharti yaliyowekwa hayatekelezeki dukani, unazungumzia kanuni na ukaguzi. Ni bidhaa ileile, lakini barua ni mbili tofauti.

Haki unayosimamia

Hufanyiwi hisani kuulizwa. Katiba ya 2010 imeweka ushirikishwaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, ikaurudia katika Kifungu cha 69 kuhusu mazingira, na katika Kifungu cha 118 kuhusu Bunge. Kifungu cha 196 kinayalazimisha mabunge ya kaunti kufanya vivyo hivyo. Sheria ya Hatua za Kiutawala za Haki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 5, inasema kwamba ofisi ya umma inapotaka kuchukua hatua inayoweza kuumiza haki za umma, lazima itoe notisi, ikaribishe maoni, iyazingatie, na itoe sababu za uamuzi wake.

Na mwaka 2019, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya sigara ya BAT kupinga kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu iliweka vigezo vya ushirikishwaji wa kweli: jambo lenyewe lielezwe wazi, utaratibu uwe rahisi kueleweka, kila upande upate nafasi ya haki ya kushawishi uamuzi, na maoni yasikilizwe kwa nia njema. Mahakama hiyo pia ilisema kusikilizwa si lazima kuwe kwa mdomo; maandishi yanatosha. Kwa hiyo usingoje uitwe ukumbini. Barua yako ina uzito uleule.

Kuipata notisi kabla muda haujaisha

Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Notisi hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutolewa kila Ijumaa na husomwa bure mtandaoni, na kwenye magazeti ya kawaida. Matangazo ya serikali pia hujaa kwenye MyGov, chapisho la serikali la matangazo. Muda wa kutoa maoni huwa mfupi, mara nyingi wiki mbili au mwezi mmoja, na nusu yake huisha kabla habari haijafika kijijini.

Tulichofanya sisi ni kumpa kijana mmoja wa kikundi kazi ya kufungua Gazeti Rasmi kila Jumamosi asubuhi na kutafuta maneno machache tu: pest control, veterinary, agriculture, food safety. Gazeti liko kwa Kiingereza, kwa hiyo ni lazima atafute kwa Kiingereza. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Pia tuliandika barua kwa PCPB na kwa idara ya kilimo ya kaunti tukiomba kikundi chetu kiwekwe kwenye orodha ya wadau wanaotumiwa rasimu, na nakala tukampelekea mwakilishi wadi. Fanya hivyo sasa, wakati hakuna mswada wala rasimu. Ukiingia kwenye orodha mapema utaanza kupata ujumbe bila kuuliza.

Notisi ikifika, andika mambo matatu kwenye karatasi ubandike ukutani: siku na saa ya mwisho, anwani ya kupeleka maoni, na jina kamili la rasimu pamoja na mwaka wake. Nimeona memoranda nzuri ikikataliwa kwa sababu ilifika siku moja baadaye.

Kuisoma rasimu bila kupotea

Usianze ukurasa wa kwanza kwenda mbele kama unavyosoma hadithi. Anza na majedwali ya mwisho, kwa sababu huko ndiko kuna ada, faini, orodha za dawa na fomu. Mkulima anaguswa na jedwali kuliko anavyoguswa na dibaji. Kisha rudi kwenye sehemu ya tafsiri ya maneno. Hapo angalia neno «mtumiaji» limeelezwa vipi: je, linamhusu kibarua anayelipwa kupiga dawa, au ni mwenye shamba peke yake? Neno «muuzaji» linamgusa mwenye kibanda sokoni anayepima dawa kwenye chupa za soda? Mtu akiachwa nje ya tafsiri, kanuni nzima haimlindi wala haimbani.

Baada ya hapo pita kifungu kwa kifungu ukitafuta maneno ya lazima na maneno ya hiari. «Bodi itatangaza» si sawa na «Bodi inaweza kutangaza». Tofauti hiyo ndogo imewahi kutupotezea jambo kubwa, na siku hizi napigia mstari mwekundu kila mahali panaposema «inaweza».

Kanuni zinazotarajiwa kuleta gharama kubwa kwa wananchi huandamana na tathmini ya athari, kama Sheria ya Kanuni na Amri za Kisheria ya mwaka 2013 inavyotaka. Iombe hiyo tathmini. Humo waandishi wanaeleza wanadhani nani ataumia na kwa kiasi gani, na pia njia nyingine walizofikiria wakaziacha. Ukiona wakulima wadogo hawajatajwa humo, tayari umepata hoja yako ya kwanza.

Rasimu ikiwa kwa Kiingereza kigumu, mkae watu watatu: mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, mmoja anayepiga dawa kila wiki, na mmoja anayeuza au kununua mazao. Msomaji asome kifungu, aeleze kwa Kiswahili, kisha aulize: hili shambani kwako linafanyika? Jibu la yule anayepiga dawa liandikwe kama lilivyo. Nusu ya memoranda yetu ya mwisho ilitoka kwenye majibu hayo.

Ushahidi: sehemu inayotaka jasho

Kampuni ikisema «bidhaa yetu ni salama ikitumiwa kama lebo inavyoelekeza», ni sentensi ya kweli na yenye nguvu. Jibu lake liko mahali pamoja tu: onyesha kama lebo inafuatwa, na kama haifuatwi, kwa nini.

Chukua mfano wa kipimo. Lebo inasema mililita 10 kwa pampu ya lita 20. Nani shambani ana kitu cha kupima mililita 10? Tunatumia kifuniko cha chupa. Siku moja nilikusanya vifuniko vitatu vya dawa tofauti tunazotumia kwenye nyanya, nikavijaza maji na kuyavuta kwa sindano ninayotumia kwa ndama. Kimoja kilibeba mililita 8, kingine 12, cha tatu karibu 20. Mkulima anayesema «naweka kifuniko kimoja» anaweza kuwa anaweka pungufu au maradufu, na hajui. Jaribio hilo halikunigharimu chochote zaidi ya robo saa. Afisa aliyesoma matokeo alinipigia simu kuuliza zaidi, jambo ambalo hotuba zangu zote hazikuwahi kuleta.

Ushahidi wa namna hiyo ndio ninaokuhimiza utafute. Piga picha ya lebo zote mbili, mbele na nyuma, uonyeshe ukubwa wa maandishi kando ya sarafu. Angalia kama maelezo yako kwa Kiswahili na kama yanasomeka. Soma rangi ya mstari wa chini: nyekundu ni sumu kali zaidi, kisha manjano, buluu, na kijani. Waulize wapiga dawa kumi rangi hizo zinamaanisha nini, andika majibu yao bila kuwasahihisha. Weka daftari la kupiga dawa: tarehe, zao, jina la dawa na nambari ya usajili, kipimo, nguo zilizovaliwa, siku ya kuvuna. Baada ya msimu mmoja, daftari litakuonyesha ni mara ngapi muda wa kusubiri kabla ya kuvuna ulivunjwa na sababu yake. Kwetu sababu kubwa haikuwa ujinga, ilikuwa ratiba ya mnunuzi. Hilo likiandikwa, kanuni inaweza kumbana mnunuzi pia badala ya kumlaumu mkulima peke yake.

Kwa mifugo, mambo ni yaleyale. Ng'ombe akidungwa antibayotiki kwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Andika siku hizo ni ngapi, na maziwa hayo yanakwenda wapi kweli: kwa ndama, kwa watoto wa nyumbani, au kwa mteja wa mlangoni asiyepima? Ikiwa kituo cha kukusanya maziwa kilikataa kopo lako, hifadhi kijikaratasi walichokupa. Dawa ya kupe nayo ina hadithi yake. Kupe wakianza kuizoea, andika jina la dawa, kipimo, mliitumia kwa muda gani, na mlibadilisha lini.

Kuhusu ugonjwa wa binadamu kuwa mwangalifu. Mtu akiugua baada ya kupiga dawa, andika tarehe, saa, dawa, dalili alizozieleza, na kituo cha afya alikotibiwa, kwa idhini yake na bila jina lake kwenye memoranda. Usidai dawa fulani ndiyo iliyoleta saratani ya jirani. Unaweza kuwa sahihi, lakini huwezi kuthibitisha, na dai moja lisiloweza kuthibitishwa huwapa watu sababu ya kutilia shaka kurasa zako zote.

Namna ushahidi wa mashinani unavyoweza kufanya kazi ilionekana kwenye dawa ya Furadan, yenye kemikali iitwayo kabofurani. Wahifadhi wa wanyama walikuwa wakikusanya taarifa za simba na tai waliouawa kwa mizoga iliyotiwa dawa hiyo. Habari zilipofika Marekani na kurushwa kwenye televisheni mwaka 2009, kampuni ya FMC inayoitengeneza iliiondoa kwenye soko la Kenya na kununua tena dawa iliyokuwa madukani.

«Imepigwa marufuku Ulaya» haitoshi

Nimelisikia neno hili katika kila kikao, na kila mara afisa hujibu kwamba hali ya hewa yetu na wadudu wetu ni tofauti. Ukiishia hapo umeshindwa. Eleza ilipigwa marufuku kwa sababu gani, halafu uliza kama sababu hiyo ipo kwetu. Klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, kwa mfano, ilikosa idhini mpya ya Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kwa hofu ya madhara kwa ukuaji wa ubongo wa watoto. Ubongo wa mtoto wa Mwea hauna tofauti na wa mtoto wa Ulaya. Mwaka 2025 kemikali hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa, ikiwa na vibali maalumu vya muda kwa matumizi machache, na Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Sasa swali lako lina meno: je, rasimu hii inaendana na wajibu huo? Vivyo hivyo kwa wafugaji wa nyuki: Umoja wa Ulaya ulizuia mwaka 2018 matumizi ya nje ya dawa ya wadudu iitwayo imidaklopridi na wenzake wawili kwa sababu ya nyuki. Hoja yenu iwe juu ya maua, saa za kupiga dawa na umbali wa mizinga, mambo mnayoyajua.

Soko pia ni hoja. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kukagua kwa ukali zaidi mishiri na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya masalia ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoate. Waliopata hasara wengi walikuwa wakulima wadogo walioachwa na wanunuzi. Anayekumbuka msimu ule aandike alichopoteza, kwa kilo.

Na ukiomba dawa iondolewe, jiandae kwa swali linalofuata: mtatumia nini badala yake? Tuta absoluta, nondo anayeharibu nyanya, ilipoingia nchini mwaka 2014, na viwavijeshi vamizi mwaka 2017, watu walipiga chochote walichopata kwa sababu hawakuwa na jibu la swali hilo. Taja mbadala mliojaribu, hata kama ulifanya kazi nusu tu. Mkweli anayesema «mitego ilipunguza nondo lakini haikutosha» anaaminika kuliko anayesema mwarobaini unatibu kila kitu.

Kuandika memoranda yenyewe

Kurasa mbili au tatu zinatosha. Juu weka jina la ofisi, jina kamili la rasimu, jina la kikundi, wadi na kaunti, idadi ya wanachama, na mnacholima. Kisha kila hoja ichukue sehemu nne: kifungu kinasema nini, hali ikoje mashinani, tunaomba maneno gani yabadilishwe, na kwa nini. Hivi ndivyo hoja moja inavyoonekana. Nambari za kifungu na takwimu ni za mfano, weka zako:

*Kanuni ya 14(2) ya rasimu inasema kila kifungashio kiwe na maelekezo ya kipimo. Tuliwauliza wapiga dawa 30 wa kikundi chetu. 26 hupima kwa kifuniko cha chupa. Vifuniko vitatu tulivyopima vilibeba mililita 8, 12 na 20 (picha zimeambatishwa). Tunaomba baada ya neno «kipimo» yaongezwe maneno «pamoja na chombo cha kupimia chenye alama za mililita kilichofungwa ndani ya kifungashio». Bila chombo hicho mtumiaji hawezi kutii maelekezo hata akitaka.*

Kila neno hapo linaweza kunakiliwa na mwandishi wa ripoti. Akikataa pendekezo, itambidi aandike sababu.

Weka hoja kubwa kwanza, na zisizidi tano. Taja pia vifungu mnavyoviunga mkono, kwa sababu wengine wataandika kuvipinga, na kimya chako kitahesabiwa kuwa hujali. Usiingize mambo yaliyo nje ya rasimu, hata kama yanauma. Bei ya mbolea haimo kwenye kanuni za lebo. Na usisambaze barua moja iwekwe saini na watu mia tano ukidhani ni maoni mia tano. Itahesabiwa kuwa moja. Afadhali vikundi vitano viandike barua tano zenye ushahidi wao wenyewe.

Kiswahili kinakubalika. Ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Mimi huandika kwa Kiswahili, ila maneno ninayopendekeza yaingie kwenye rasimu nayaweka pia kwa Kiingereza kwa sababu rasimu yenyewe iko kwa Kiingereza, na mtu akinitafsiria anaweza kunipotoshea.

Peleka kwa mkono na kwa barua pepe, vyote viwili. Unapopeleka kwa mkono beba nakala mbili na uombe yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikwambia muhuri haupo, ngoja. Karatasi ile yenye muhuri ndiyo ushahidi wako wote baadaye.

Siku ya kikao

Mara nyingi utapewa dakika tatu. Soma hoja moja tu, ile kubwa, na uonyeshe kitu: chupa tupu iliyooshwa vizuri, kifuniko, daftari. Anza kwa kutaja nambari ya kifungu kabla ya kujitambulisha kwa maneno marefu, ili mwandishi afungue ukurasa. Mpiga dawa azungumze mwenyewe, hasa kibarua, na wanawake wanaofua nguo zilizolowa dawa wapewe nafasi. Wao ndio hukosekana kwenye vikao hivi. Heshimu meza kuu, usimtukane mwakilishi wa kampuni, na kabla ya kuondoka hakikisha jina la kikundi chako liko kwenye orodha ya waliohudhuria pamoja na nambari ya memoranda mliyowasilisha.

Wakikaa kimya

Kanuni zikichapishwa, zilinganishe na maoni yenu mstari kwa mstari. Ikiwa hamkupata ripoti wala sababu, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo inasema wazi kwamba ombi linaweza kuwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na kwamba asiyeweza kuandika lazima asaidiwe na afisa. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama za kutoa nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Omba vitu mahususi: orodha ya memoranda zote zilizopokelewa, ripoti ya maoni, na sababu za kukataa mapendekezo yenu. Kwa dawa moja moja, omba muhtasari wa tathmini ya usalama. Siri za kibiashara za kampuni unaweza kunyimwa, lakini sumu ya dawa kwa binadamu si jambo la kufichwa kwa jina la biashara, na nimeona hoja hiyo ikikubaliwa. Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ofisi ya Ombudsman.

Wakati huohuo kumbuka Bunge. Kanuni mpya lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na kamati inayozichunguza inaweza kupendekeza Bunge lizifute ikiona umma haukushirikishwa. Barua fupi kwa karani wa kamati, ikiandamana na nakala yenye muhuri, hufaa sana katika siku hizo chache. Usiichelewe.

Ikiwa jambo ni kubwa kuliko kanuni moja, kuna ombi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119, na sheria yake ya 2012 inakubali Kiswahili, hata mwandiko wa mkono na alama ya dole gumba. Masharti yake ni mepesi lakini ni makali: lugha ya heshima, hakuna kufutafuta, mada iandikwe juu ya kila ukurasa, useme ni ofisi gani mlizoziendea na zikajibu nini, useme kama jambo liko mahakamani, na umalizie kwa kueleza wazi mnaomba nini. Kamati ya Bunge la Taifa hutakiwa kujibu ndani ya muda uliowekwa kwenye kanuni za Bunge. Ombi lililowasilishwa na Gladys Shollei mwaka 2019, alipokuwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, kutaka dawa hatari ziondolewe sokoni, ndilo lililoufanya mjadala huu uwe wa taifa zima. Ukihesabu kutoka hapo hadi tangazo la Juni 2025 utapata miaka sita, basi panga subira yako kwa kipimo hicho.

Mahakama Kuu iwe mlango wa mwisho, kwa gharama yake na kwa muda wake. Mkifika huko, wakili atawaomba kwanza ile nakala yenye muhuri, kisha notisi, kisha daftari.

Hifadhini vyote hivyo kwenye faili moja kwa katibu, na nakala kwa mwenyekiti. Chini ya ile Sheria ya Kanuni na Amri za Kisheria ya 2013, kanuni hukoma zenyewe baada ya miaka 10 zisipofutwa mapema, na zikikoma rasimu mpya hutolewa na umma huulizwa tena. Watakaosoma rasimu hiyo huenda wakawa watoto wenu. Wakute daftari za kupiga dawa za kila msimu, picha za lebo za zamani, na orodha ya vifungu tulivyoviomba vikakataliwa, pamoja na sababu tulizopewa.